Kumpima Mwombaji Kazi Pasipo Yeye Kujua



Baada ya miaka michache wengi wenu mtaanza kuomba kazi. Mtaandika barua, mtaambatisha vyeti, mtavaa nguo zilizopigwa pasi, kisha mtaketi mbele ya watu watatu au wanne wenye kalamu na nyuso zisizotabasamu. Watanzania hukiita kikao hicho usaili; Wakenya wengi husema mahojiano; sisi wa Uganda, tulio baina ya majirani hao wawili, tunayasikia maneno yote mawili na hatukosei tukilitumia lolote. Kuna jambo jingine, hata hivyo, linalotendeka kandokando ya usaili, na jambo hilo halina kiti wala meza. Ni kumtazama mwombaji wakati asipojua kwamba anatazamwa. Watanzania wanalo neno upekuzi, kutokana na pekua, kitendo cha kuku anapochakura ardhi akitafuta kilichofichika. Wakenya husema mtu amepigwa msasa, kama ubao unaosuguliwa hadi mikwaruzo yake yote ionekane. Yaangalie maneno hayo mawili: katika yote, anayetendewa hana la kusema.

Nimeona vema tuitazame historia ya jambo hili, kwa sababu sehemu yake moja inawahusu babu na bibi zetu moja kwa moja.

Wazo lenyewe ni la kale. Wale kati yenu waliosoma Kitabu cha Waamuzi wanakumbuka habari ya Gideoni. Watu 32,000 walijitokeza kwenda vitani. 22,000 waliokuwa na hofu wakaruhusiwa kurudi makwao. 10,000 waliobaki wakateremshwa penye maji wanywe. Kila mmoja alikunywa kama alivyozoea, maana alikuwa na kiu na hapakuwa na mtihani wowote uliotangazwa. Mtihani ulikuwa ni kule kunywa kwenyewe. Waliochukua maji kwa mkono na kuyapeleka kinywani walikuwa 300, nao ndio walioteuliwa. Wale waliopiga magoti walirudishwa nyumbani. Mimi huwafikiria zaidi hao waliorudishwa. Yawezekana walishika njia ya kwao bila kuelewa ni kosa gani walilolitenda kando ya maji yale.

Sasa tuje karibu zaidi na kwetu. Mwaka 1910, Mwingereza mmoja aitwaye Ralph Furse aliingia kazini katika Wizara ya Makoloni mjini London. Alizaliwa mwaka 1887, akasomea Eton na kisha Balliol, chuo maarufu cha Oxford, alikohitimu kwa daraja la tatu. Ukiacha miaka ya Vita Kuu ya Kwanza aliyoitumia vitani, shughuli yake hadi alipostaafu mwaka 1948 ilikuwa moja: kuwatafuta na kuwachagua vijana wa kwenda kutawala makoloni. Mabwana shauri wengi waliotumwa Uganda, Kenya, Tanganyika, Nyasaland na Nigeria walipita katika ofisi yake.

Waingereza waliotaka kwenda kutawala India walifanya mtihani mkali wa maandishi. Waliotaka kuja Afrika hawakufanya mtihani huo. Furse hakuuamini. Aliamini kwamba mtawala hajulikani kwa karatasi, bali kwa tabia, na kwamba tabia haionekani kwa mtu anayejua kuwa inatafutwa. Kwa hiyo alisuka mtandao. Katika vyuo vya Oxford na Cambridge alikuwa na marafiki miongoni mwa walimu waliokuwa wakiishi karibu na vijana, wakila nao, wakiwatazama viwanjani na katika mabweni. Walimu hao walimwandikia kwa siri: huyu ni kiongozi wa wenzake, yule ana akili nyingi lakini hapendi kucheza na wengine. Kijana alipofika London kwa usaili, aliketi na kuongea habari za masomo na michezo, naye akiona kuwa ndiyo kwanza anaanza kujulikana. Kumbe faili lake lilikwisha kutangulia.

Na hata pale kwenye usaili, maneno ya kijana hayakuwa ndiyo uzito wote. Wasaili waliofundishwa na Furse walitakiwa kumtazama mtu tangu anapofungua mlango: anavyopeana mkono, anavyoketi, kama macho yake yanatulia au yanakwepa, kama mdomo wake umekaza au umelegea. Mwongozo wao wa siri uliwaonya kwamba udhaifu wa mtu waweza kujificha katika midomo na macho. Furse mwenyewe alikuwa na masikio mazito, na jinsi miaka ilivyoendelea usikivu wake ulizidi kupungua. Huenda hilo lilichangia kumfanya mtu wa kuamini macho kuliko masikio. Alipoandika kumbukumbu za maisha yake, kitabu kilichotoka mwaka 1962, alikipa jina la Kilatini, Aucuparius, lenye maana inayokaribiana na mtega ndege. Jina hilo linasema kweli kuliko pengine alivyokusudia. Mtega ndege hukaa kimya vichakani, na ndege hamwoni.

Ndugu msomaji, usiharakishe kumcheka. Katika wazo la Furse kulikuwa na ukweli. Bwana shauri alipelekwa peke yake, mbali na wakubwa wake, akiwa hakimu, mkusanya kodi na msimamizi wa polisi kwa wakati mmoja. Mtu mwenye vyeti vizuri na moyo mbaya angeweza kuleta maafa makubwa katika wilaya nzima. Kutaka kuijua tabia ya mtu kama huyo kabla hujamkabidhi maelfu ya watu ni busara.

Ubaya ulikuwa kwingine. Kipimo chenyewe cha tabia njema kilikuwa kimekatwa kwa umbo la kijana mmoja tu: aliyesoma shule ya bweni ya matajiri, aliyekuwa kiranja, mwenye kucheza kriketi au kupiga makasia, na aliyejulikana na watu wanaojulikana. Majirani zetu wa Sudan walipata watawala wa aina hiyohiyo kupitia idara yao ya peke yake, ambako wanamichezo wa Oxford na Cambridge walijaa hata ikawa mzaha. Jicho la siri halikutafuta wema. Lilitafuta mtu anayefanana na mwenye jicho. Na wale ambao tabia ya bwana shauri iliwagusa zaidi kuliko watu wote, yaani wakulima wa Busoga, wafugaji wa Karamoja, wachuuzi wa Mwanza, hawakuulizwa neno. Kwa miaka mingi Waafrika hawakuweza hata kuiomba kazi yenyewe. Huko Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, Waafrika wawili wa kwanza, Kofi Busia na A. L. Adu, waliteuliwa kuwa wasaidizi wa mabwana shauri mwaka 1942. Afrika Mashariki ilisubiri zaidi.

Mwaka 1930 kamati iliyoongozwa na Warren Fisher iliukosoa mfumo wa uteuzi uliotegemea upendeleo wa waziri, na bodi ya uteuzi ikaundwa. Furse akabaki mahali pake, na barua za siri zikaendelea kumfikia. Mifumo mingi hubadilishwa jina hivyo.

Kilichoutikisa mtindo huo kwa kweli kilikuwa Vita Kuu ya Pili. Jeshi la Uingereza lilihitaji maofisa maelfu kwa maelfu, na lilikuwa likiwachagua kwa mazungumzo mafupi: ulisoma wapi, baba yako anafanya kazi gani, unacheza mchezo upi. Vijana wengi waliochaguliwa hivyo walishindwa katika mafunzo wakarudishwa vikosini, na wengine walioachwa walilalamika, pengine kwa haki, kwamba wameachwa kwa sababu ya lafudhi yao. Wajerumani walikuwa wamekwisha kuwatumia wanasaikolojia kuwapima maofisa wao kwa siku mbili nzima. Mwaka 1942 Waingereza wakaunda bodi zao mpya. Mwombaji alichukuliwa hadi nyumba kubwa ya shamba, akavuliwa cheo chake na kuvalishwa kitambaa chenye namba. Daktari wa magonjwa ya akili Wilfred Bion alibuni jambo lililokuwa jipya: kikundi cha watu kilipewa kazi ngumu bila kuteuliwa kiongozi, kisha wapimaji wakakaa pembeni kimya. Nani angeanza kuongea? Nani angemsikiliza mwenzake? Nani angetaka kushinda peke yake na kuwaacha wengine matopeni?

Wamarekani waliiga, na hapa ndipo historia yetu inapokuwa ya kusisimua. Mwaka 1942 walikuwa wameanzisha idara ya ujasusi na hujuma iliyojulikana kwa herufi OSS, chini ya William Donovan. Ndiyo mtangulizi wa CIA, iliyoundwa mwaka 1947. Mwanzoni OSS iliajiri kwa haraka na kwa kujuana, na baadhi ya walioajiriwa walivunjika walipofika ugenini. Kwa hiyo mwishoni mwa mwaka 1943 kilifunguliwa kituo cha siri katika shamba moja huko Fairfax, Virginia, si mbali na Washington, kikaitwa Kituo S. Miongoni mwa wakuu wake alikuwa Henry Murray, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard. Hadi vita vilipokwisha, OSS ilikuwa imewapima watu zaidi ya 5,000 katika vituo vyake.

Mwombaji alianza kupimwa kabla hajafika. Mjini Washington alivua nguo zake zote akavaa magwanda ya jeshi yasiyo na alama, ili asijulikane kuwa ni tajiri au maskini, jenerali au karani. Alipewa jina la kubuni. Kisha akaagizwa abuni maisha mapya: mahali pa kuzaliwa ambapo si pake, shule asiyosoma, kazi asiyoifanya. Maisha hayo ya uongo alipaswa kuyashikilia kwa siku zote tatu, mbele ya wenzake na mbele ya wapimaji, isipokuwa katika mazungumzo machache yaliyotajwa waziwazi kuwa ya ukweli. Halafu alipandishwa na wenzake katika lori lililofunikwa, wakaondoka.

Unaujua msemo wetu kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wapimaji wa Fairfax hawakuwa wameusikia, lakini walijua jambo lilelile: mtu aweza kujipamba kwa saa moja ya usaili, hawezi kujipamba kwa siku tatu. Walikula pamoja na waombaji, walicheza nao, waliketi nao jioni. Kila tendo lilikuwa na jicho juu yake.

Mitihani mingine ilikuwa ya wazi. Watu wachache walipelekwa penye kijito chembamba, wakaambiwa kijito hicho ni mto mkubwa wenye kasi, na kwamba wanapaswa kuvusha gogo zito na jiwe bila kuyagusa maji. Kuvusha gogo hakukuwa na maana kubwa. Maana ilikuwa katika kutazama jinsi mmoja anavyochukua uongozi, mwingine anavyokasirika wazo lake linapokataliwa, na wa tatu anavyojitenga na kuokota majani.

Lakini mtihani ninaotaka ukae nao kidogo ni ule wa ujenzi. Mwombaji alionyeshwa rundo la vijiti na vipande vya mbao vya kuunganisha, akaambiwa asimamishe umbo kubwa la mbao katika dakika 10. Kwa kuwa kazi hiyo ilimzidi mtu mmoja, alipewa wasaidizi wawili waliokuwa wakifanya kazi ghalani, Kippy na Buster. Yeye awe msimamizi. Wao wafuate amri zake. Kippy alikuwa mzito, mvivu, asiyefanya jambo mpaka aambiwe, na akiambiwa alikosea. Buster alikuwa mjuaji. Alipinga kila amri, alicheka, alimuuliza bwana mkubwa kama kweli amewahi kufanya kazi ya mikono maishani mwake. Dakika zikapita. Umbo likaanguka. Wengine walitukana, wengine walikaribia kupigana, wengine walinyamaza wakajaribu kujenga peke yao. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumaliza ujenzi ule kwa muda uliowekwa, kwa sababu haukukusudiwa kumalizika. Kippy na Buster walikuwa wapimaji. Kila tusi waliloligawiwa lilikuwa jibu la mtihani.

Usiku kulikuwa na jaribio jingine. Mwombaji alipewa dakika 12 kubuni maelezo: amekutwa usiku katika jengo la serikali akipekua majalada ya siri, naye si mfanyakazi wa humo. Aliteremka ngazi hadi chumba cha chini, akakalishwa mbele ya taa kali, na maswali yakamnyeshea moja juu ya jingine. Mwishoni, hata kama alijibu vizuri, aliambiwa ameshindwa. Kisha alielekezwa chumba kingine, ambako alimkuta mpimaji mwenye sauti ya upole, kiti kizuri na sigara mezani. Pole sana, nadhani ilikuwa ngumu? Wengi walishusha pumzi. Katika utulivu huo baadhi yao walianza kusimulia maisha yao ya kweli, wakisahau kwamba mtihani wa kuficha haujaisha. Taa kali haikuwavunja, upole uliwavunja. Na jioni ya mwisho, baada ya mjadala kuhusu dunia itakavyokuwa vita vikiisha, wapimaji walileta pombe, wakaendelea kutazama.

Utaniuliza: je, ilifaa? Murray na wenzake walichapisha kitabu kikubwa mwaka 1948, na jambo ninalowaheshimu kwalo ni kwamba hawakudanganya. Walilinganisha maoni yao na taarifa za jinsi watu hao walivyofanya kazi huko ng'ambo, wakakuta uhusiano hafifu. Waliokisiwa kuwa hodari hawakuwa hodari kila mara. Sababu mojawapo ni rahisi kuielewa: mpimaji mara nyingi hakujua mtu anayempima atapelekwa wapi kufanya nini. Utampimaje mtu kwa kazi usiyoijua? Sababu nyingine ni kwamba hata zile taarifa za ng'ambo ziliandikwa na wakubwa wenye vipimo vyao tofauti. Jicho lilikuwa kali, lakini lilikuwa likitazama kijito cha Virginia, wala si milima ya Burma.

Hata hivyo mbegu iliota. Mwaka 1956 kampuni ya simu ya Marekani, AT&T, chini ya mwanasaikolojia Douglas Bray, ilianza kuwapima vijana wake wa usimamizi kwa siku kadhaa za mazoezi ya aina hiyo. Matokeo yalifungiwa, hata mabosi wa vijana hao hawakuonyeshwa, ili yasiwapandishe wala kuwashusha. Miaka minane baadaye yalilinganishwa na vyeo ambavyo kila mmoja alikuwa amevifikia, na makisio yakaonekana kuwa na uzito kuliko yale ya Fairfax. Hapo wapimaji waliijua kazi waliyokuwa wakiipimia.

Nataka utofautishe mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya. Mtu wa Fairfax alijua kwamba anapimwa. Hakujua ni saa ngapi na kwa lipi, lakini alikubali kupanda lori lile. Kijana wa Furse hakujua kabisa kwamba mwalimu aliyemkaribisha chai alikuwa akiandika barua juu yake. La kwanza ni mchezo mgumu wenye kanuni. La pili, kwa maoni yangu, ni ujasusi juu ya mtu asiye na hatia. Na siku hizi la pili limekuwa rahisi kuliko wakati wowote. Mwajiri hahitaji rafiki Oxford. Anafungua simu, anatazama picha ulizobandika ukiwa na miaka kumi na sita, anasoma ugomvi uliogombana na mtu usiku wa manane, kisha anakuandikia barua fupi kwamba nafasi imejazwa.

Sheria za ukanda wetu zimeanza kulisema jambo hili. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, ibara ya 27, inalinda faragha ya mtu. Uganda na Kenya zilitunga sheria za ulinzi wa taarifa binafsi mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022. Chini ya sheria hizo mtu anaweza kuuliza ni taarifa gani zake zinazoshikiliwa, na kutaka zilizokosewa zisahihishwe. Jifunzeni kuandika barua ya namna hiyo kwa Kiswahili fasaha. Ni zoezi zuri kuliko insha nyingi ninazowapa. Elezeni majina yenu, tarehe ya usaili, jambo mnalotaka kulijua, na muwe na adabu.

Kenya iliwahi kujaribu njia iliyo kinyume kabisa na barua za siri. Baada ya katiba mpya ya mwaka 2010, waombaji wa kazi ya Jaji Mkuu walihojiwa hadharani mwaka 2011, na vikao vikarushwa moja kwa moja katika televisheni. Mmoja wao, Dakta Willy Mutunga, alikuwa na hereni katika sikio moja, na hereni hiyo ilizua maswali mengi. Msaili wa London angeiona hereni ile mlangoni, angeandika mstari mmoja katika faili, na mwombaji asingejua kamwe kilichomwangusha. Nairobi swali liliulizwa kwa sauti, naye akapata nafasi ya kulijibu huku nchi nzima ikisikiliza. Mwezi Juni mwaka huohuo aliapishwa, hereni ikiwa sikioni.